Jina la kumi na mbili

Mimi nauza nazi katika soko la Mgandini hapa Tanga, lakini wenzangu wengi wananijua zaidi kama kijumbe. Kwa asiyejua, kijumbe ndiye anayekusanya fedha za upatu na kushika daftari lake. Wakati wa habari hii tulikuwa wanawake kumi na wawili. Kila Jumamosi jioni kila mmoja alitoa shilingi 20,000, zikawa 240,000, na zote akapewa mtu mmoja. Jumamosi inayofuata anapewa mwingine. Zamu ikimfikia wa mwisho tunasema mzunguko umekwisha, tunapiga kura upya, tunaanza tena. Aliyekwisha kupokea anaendelea kutoa mpaka mwenzake wa mwisho apate, na hapo ndipo upatu mwingi unapovunjika. Kwa hiyo daftari hapewi mtu kwa mwandiko mzuri tu.

Mwishoni mwa 2024 nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kilichonisumbua kuliko vyote, na ninachokipenda kuliko vyote sasa, ni kile ambacho wengine hukiita kitanzi na wengine lupu, yaani maagizo ya kurudia kazi ile ile mara nyingi. Neno kitanzi silipendi. Kitanzi ni cha kamba, kinakaza na kumnasa aliyemo. Hiki ninachokisema hakinasi mtu: kinamfikia kila mmoja, kinafanya kazi yake, kinahamia kwa anayefuata. Mimi nakiita mzunguko, kwa sababu nilikuwa nakijua kwa jina hilo miaka tisa kabla sijagusa kibodi.

Sababu ya kuanza ilikuwa jedwali. Kila mzunguko mpya nilikuwa nachukua rula na kalamu, napiga mistari kwenye kaunta buku, visanduku kumi na viwili kwa kumi na viwili, yaani 144, kila kimoja kikisubiri alama ya vema. Juu naandika majina, pembeni naandika tarehe za Jumamosi huku nimefungua kalenda. Ni kazi ya jioni nzima, na nikikosea mstari mmoja nachana karatasi. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa likizo akanikuta nachana ya pili.

"Shangazi, kazi hii ni kurudia tu. Kompyuta haichoki kurudia."

Aliniachia kompyuta mpakato yake ya zamani, ndani yake ameweka Thonny, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza kujifunza Python. Python yenyewe ni lugha ya kuandikia programu, ya Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kisha mpwa wangu akarudi chuoni Dodoma, na masomo yaliyobaki yakawa ya simu na ujumbe wa sauti.

Mzunguko wangu wa kwanza ulikuwa huu. Majina nimeandika kama tunavyoitana sokoni, kwa bidhaa:

wanachama = ["Mama Mchele", "Mama Vitenge", "Mama Dagaa"]
for mama in wanachama:
    print(mama, "20,000")

Mstari wa pili nausoma hivi: kwa kila mama aliyemo katika wanachama. Ile print ya mstari wa tatu ni amri ya kuandika kwenye skrini. Neno mama pale nimelichagua mwenyewe, lingeweza kuwa mtu au hata x. Nililielewa siku nilipolifananisha na kidole changu. Ninapokusanya fedha, kidole kiko juu ya jina moja kwenye daftari. Nikimaliza naye, kidole kinashuka kwa wa chini yake. Kidole ni kile kile, jina ndilo linalobadilika. Thonny ina namna ya kuendesha programu hatua kwa hatua huku pembeni inakuonyesha kila neno limebeba nini kwa wakati huo. Nilikaa nabonyeza taratibu: mama ni Mama Mchele, bonyeza, mama ni Mama Vitenge, bonyeza, mama ni Mama Dagaa. Nilirudia mara saba au nane, si kwa sababu sikuelewa, bali kwa raha ya kuona kidole changu kinatembea ndani ya mashine.

Halafu kuna nafasi nne za mwanzo wa mstari wa tatu. Katika Python kilichosogezwa ndani ndicho kinachorudiwa, kilichobaki pembeni kinafanywa mara moja tu. Hili nililipuuza, na nililipa. Nilijaza majina yote kumi na mawili nikitaka kujumlisha michango, nikaandika jumla = 0 ndani ya mzunguko badala ya kuiweka kabla yake. Jibu likatoka 20,000, kana kwamba aliyetoa ni mmoja. Kila mama alipoweka fedha yake kwenye sahani, mimi nilikuwa namwaga sahani kabla ya kumfikia mwenzake. Nikahamisha mstari ule juu, nje ya mzunguko, zikaja 240,000.

Kuna pia aina ya pili ya mzunguko, ile ya while, ambayo hurudia maadamu sharti bado ni kweli. Niliandika:

wiki = 1
while wiki <= 12:
    print("Wiki ya", wiki)

Skrini ikaanza kuporomosha Wiki ya 1, Wiki ya 1, Wiki ya 1, haina mwisho. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Nikafunga kifuniko nikidhani itatulia, nilipofungua ikaendelea pale pale. Ilikuwa saa nne usiku. Nikampigia mpwa wangu nikiwa na hakika nimeharibu mali ya mtoto wa watu.

"Bonyeza kile kitufe chekundu cha kusimamisha, Shangazi. Hakijaharibika kitu." Nikabonyeza, kimya. Kisha akaniuliza, "Wiki inabadilishwa na nani?"

"Wiki inabadilika yenyewe."

"Kwenye kalenda, ndiyo. Kwenye kompyuta, nani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu sisi Jumamosi inakuja hata ukilala. Ndani ya mashine hakuna kinachosogea mpaka mtu aandike kwamba kisogee. Nikaongeza mstari wa wiki = wiki + 1, ambao kwa hesabu za shule ni uongo mtupu, maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongeza moja. Lakini hiyo si hesabu, ni amri: chukua namba iliyomo, ongeza moja, irudishe mahali pake. Tangu usiku ule, kila nikiona while, kabla ya kusoma kingine chochote, natafuta mstari unaosogeza mambo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Mwisho wa Desemba tulipiga kura ya mzunguko wa Januari hadi Machi 2025. Jumamosi ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Januari, ya kumi na mbili tarehe 22 Machi. Kwa kawaida hakuna anayefurahia kuvuta namba ya mwisho, lakini safari hii namba 12 ilikuwa tamu, kwa sababu Idi ilitarajiwa mwisho wa mwezi ule ule. Kupata 240,000 wiki moja na siku kadhaa kabla ya Idi ni nguo za watoto, ni pilau, ni kuku. Namba hiyo ilimwangukia Mama Dagaa, mkubwa wetu kwa umri. Alishika karatasi yake mkononi akacheka.

Usiku ule nikapanga majina ya wanachama kwa namba za kura, kisha nikaandika programu ya kutoa orodha yenye namba, tarehe na jina. Mpwa wangu alikwisha kunionya kwamba Python huhesabu orodha kuanzia sifuri: wa kwanza yuko nafasi ya 0, wa kumi na mbili yuko nafasi ya 11. Nikalizingatia. Nikajiona nimeukwepa mtego. Ile timedelta hapa chini ni idadi ya siku za kuongeza kwenye tarehe.

from datetime import date, timedelta
mwanzo = date(2025, 1, 4)
for i in range(1, 12):
    siku = mwanzo + timedelta(days=7 * (i - 1))
    print(i, siku, wanachama[i - 1])

Nikaendesha. Namba 1, tarehe 4 Januari, Mama Mchele, sawasawa. Namba 2, tarehe 11, Mama Vitenge, sawasawa. Tarehe zilijipanga zenyewe bila mimi kufungua kalenda. Nikapiga picha skrini, nikatuma kwenye kundi letu la WhatsApp, nikalala na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nimalize kidato cha nne.

Jumatatu asubuhi Mama Dagaa alikuja kwenye meza yangu. Hakukaa, na siku zote hukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Nimekuja kuuliza. Nimekosa nini?"

Sikumwelewa. Akasema binti yake amemsomea orodha, akamwambia asome tena akidhani ameruka mstari, akasoma mara ya tatu. Yeye hayumo. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi ya kura, imekunjwa mara nne, ina namba 12 kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe. Hakunionyesha kama mtu anayedai. Alinionyesha kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba aliona vizuri.

Nikafungua simu. Orodha ilikuwa na mistari kumi na moja. Iliishia tarehe 15 Machi.

Nilimwambia kosa ni langu, si la mtu mwingine, na jina lake liko kwenye daftari kwa wino. Nikamfungulia ukurasa, akaweka kidole pale jina lilipo. Akakubali, akakaa. Lakini ile "nimekosa nini" nilikwenda nayo nyumbani. Yeye hakufikiri mashine imekosea wala kijumbe amekosea. Alifikiri wenzake tumemtoa.

Kosa lenyewe ni dogo. range(1, 12) huanza na 1 na husimama kabla ya 12. Haiifikii 12. Namba ya pili ndani ya mabano si ya mwisho kuhesabiwa, ni ukuta ambao ukifika hapo unageuka. Mtego wa sifuri niliuona, nikapunguza moja kila mahali, na wakati nashughulika nao nikasahau ukuta. Na nilipokagua, nilikagua majina mawili ya juu. Mzunguko wa namna hii haukosei katikati. Ukikosea, unakosea mlangoni au kwenye kona ya mwisho, na huko ndiko sikutazama.

Ningeweza kuandika range(1, 13) nikamaliza. Mpwa wangu akasema itafanya kazi, lakini bado nitakuwa napambana na ile kutoa moja kila mstari. "Shangazi, mbona hutaki kuanza na sifuri?" Nikamwambia ukweli: kwa sababu hakuna mtu wa sifuri. Hakuna mwanamke aliyevuta karatasi ya sifuri.

"Mjukuu wa jirani yako ana miaka mingapi?"

"Hajatimiza mwaka. Ana miezi minane."

"Basi ana miaka sifuri, na yupo, na analia."

Nilicheka, lakini kilichonifungua macho hasa kilikuja kesho yake asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda sokoni. Nilitazama saa ya ukutani nikasema kimoyomoyo, saa moja. Kwa nini tunaiita saa moja? Kwa sababu tangu kuche imepita saa moja. Sisi Waswahili hatusemi hii ni saa ya ngapi, tunasema zimepita ngapi. Na ile saa nzima ya kwanza, tangu jua linapochomoza mpaka saa moja ifike, ndani yake zimepita saa ngapi? Sifuri. Hapo nikajua kwamba kila siku ya maisha yangu nimekuwa nikianzia sifuri, ila sikuwahi kuitaja.

Namba ya Python ni hiyo hiyo. Haiulizi wewe ni wa ngapi. Inauliza wamepita wangapi kabla yako. Mbele ya Mama Mchele hajapita mtu, kwa hiyo 0. Mbele ya Mama Dagaa wamepita kumi na mmoja, kwa hiyo 11. Na Jumamosi ya kwanza, tangu tuanze zimepita wiki ngapi? Sifuri, ndiyo maana tarehe yake ni ile ile ya kuanzia. Nikafuta kutoa moja kote:

for i in range(12):
    siku = mwanzo + timedelta(days=7 * i)
    print(i + 1, siku, wanachama[i])

Angalia ilivyokaa. Orodha inataka wamepita wangapi, tarehe inataka zimepita wiki ngapi, na i ndiyo jibu la yote mawili bila kuguswa. Moja inaongezwa mahali pamoja tu, pale namba inapokwenda kusomwa na binadamu. Na ile 12 ndani ya mabano imeacha kunitisha: kuanzia 0, kusimama kabla ya 12, ni watu kumi na wawili kamili. Mholanzi mwingine, mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi kwa mkono mwaka 1982 akitetea jambo hili hili, kwamba ukianza na sifuri na ukauacha mpaka wa juu nje, hesabu hukaa vizuri. Hoja yake ni ya kihesabu. Mimi yangu ni ya saa ya ukutani, na nadhani tunafika mahali pamoja.

Jedwali nililitengeneza wiki iliyofuata, na lilihitaji mzunguko ndani ya mzunguko:

for jumamosi in range(12):
    for mama in wanachama:
        print("[ ]", end=" ")
    print()

Wanaoanza huogopa hapa, lakini aliyewahi kukusanya upatu hana la kuogopa. Jumamosi inasimama, mimi nazunguka meza zote kumi na mbili. Nikimaliza ya mwisho ndipo Jumamosi inahama, na mimi naanza tena meza ya kwanza. Wa ndani anakimbia safari nzima kila wa nje anaposogea hatua moja. Visanduku 144 vilitoka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Mwingereza Ada Lovelace, katika maelezo aliyochapisha mwaka 1843 kuhusu mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage ambayo haikuwahi kukamilika, alieleza hatua zinazorudiwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ile ile ya mzunguko, na akataja hata mzunguko wa mizunguko. Mashine haikuwepo, umeme wa majumbani haukuwepo, na mama yule alikwisha kuona.

Tarehe 22 Machi ilifika. Kabla ya kumkabidhi Mama Dagaa fedha zake nilizihesabu mbele ya wote, noti ishirini na nne za elfu kumi kumi. Alizipokea kwa mikono miwili. Halafu akafungua lile fundo la kanga, akanipa karatasi ya namba 12, akasema ikae kwenye daftari. Nimeibandika kwa gundi ndani ya jalada.

Baada ya Idi tukaanza mzunguko mwingine, na wenzetu wawili wakaongezeka, tukawa kumi na wanne. Nilipofungua programu nikaiona ile range(12) imekaa pale pale, tayari kuwaacha nje wawili wageni. Nikaifuta, nikaandika range(len(wanachama)), ambayo inaiuliza orodha yenyewe ina watu wangapi. Kisha nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa mwisho, na kabla ya kuiweka kwenye kundi nikamtumia binti ya Mama Dagaa peke yake, nikamwomba amsomee mama taratibu.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Mama anasema ahsante, ameweka kokoto moja kwa kila jina, wako kumi na wanne.